Daftari la Ami na Saa Sita Zilizopotea

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi waliorudi nyumbani likizo, Lamu

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioketi kule nyuma karibu na dirisha mkawaachia wanenu viti vya mbele, shikamooni nanyi. Manahodha, mafundi, karibuni. Na nyinyi wanafunzi wa uhandisi mliokuja Lamu kula na kulala, mkakuta mzazi ameshaandikisha jina lako hapa, poleni.

Nimeombwa nizungumze kuhusu uandishi wa kiufundi na namna ya kujieleza. Najua mwanafunzi wa uhandisi akisikia "somo la mawasiliano" humjia usingizi. Mimi nililala. Lilikuwa likifundishwa Ijumaa alasiri, mwaka wa kwanza, na mwalimu maskini alikuwa akihangaika kutuonyesha barua rasmi inavyoandikwa huku sisi tukikokotoa hisabati chini ya dawati. Kwa hiyo sina uso wa kumlaumu mtu. Nitawasimulia tu yaliyonipata.

Mnaiona hii mashine ya boti hapa mbele, imefungwa kwenye kigoda. Tutaifikia mwisho. Vijana wawili pale pembeni wamepewa karatasi tangu alasiri, wanaandika namna ya kuiwasha. Waacheni waandike. Na msiiguse, si yangu.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Nikapata atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwenye mradi mmoja wa maji hapahapa kisiwani. Mradi gani, ofisi gani, tuyaache. Kisima kilikuwa kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, si mbali na ufuo, na watu walilalamika kwamba siku nyingine maji ni matamu, siku nyingine yana chumvi. Kazi yangu ilikuwa kupima uso wa maji kisimani kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, wiki mbili mfululizo ili tupate bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, kisha nilinganishe na jedwali la kujaa na kupwa kwa bahari. Mwisho niandike ripoti ya kushauri pampu iwashwe wakati gani.

Kukesha sikuweza. Mlinzi wa pampu, mzee niliyemwita Ami, alikuwa analala palepale. Nikampa daftari la shule, nikamchorea safu tatu: tarehe, saa, kipimo. Nikamfundisha kuteremsha kamba yenye uzito wa risasi mwishoni na kusoma alama. Ami hakukosa hata mara moja. Nimefanya kazi na watu wengi tangu wakati ule, na wa kuandika kumbukumbu kama yule bado sijampata. Kila siku ukurasa wake, kila ukurasa mistari minane, kalamu ya buluu, hati ya mtu aliyepita chuo cha Kurani: 1, 4, 7, 10, halafu tena 1, 4, 7, 10.

Naona wengine mmeshaanza kucheka. Mmeliona.

Mimi sikuliona. Mimi mtoto wa Langoni, niliyemwambia mama yangu asubuhi ileile "nitarudi saa nane" na akanielewa, nilipokaa mbele ya kompyuta nikageuka mtu mwingine. Eksel, ile programu ya majedwali, ilitaka saa, nikaipa saa. 1 ikawa 01:00, 4 ikawa 04:00, 7 ikawa 07:00, 10 ikawa 10:00, ile 1 ya pili ikawa 13:00, tukaenda hivyo mpaka 22:00. Ikakaa sawa kabisa. Hakuna mstari uliozidi wala uliopungua, hakuna kilichogongana na chochote. Kumbe Ami alikuwa anafungua ukurasa saa moja asubuhi, akimaliza kifungua kinywa chake, kwa kuwa siku yake ya kazi huanza asubuhi. Mimi niliufungua saa saba usiku, kwa kuwa ndivyo kompyuta inavyohesabu. (Masheikh watasema siku huanza magharibi. Tungeingiza na hiyo, tusingetoka hapa leo.)

Kila kipimo, bila kubaki hata kimoja, kikarudi nyuma saa sita.

Mahali pengine kosa la saa sita lingeonekana mapema. Ungekuwa unapima joto la bati, ungeona jua linachoma usiku wa manane, ungecheka, ungerekebisha. Lakini bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Nusu yake ni saa sita na dakika chache. Sasa chukua maji ya Lamu uyasogeze saa sita: kujaa kunakuwa kupwa, kupwa kunakuwa kujaa, na mchoro unatoka laini, wa kupendeza, hauna doa, ila umesimama kichwa chini miguu juu.

Mchoro wangu ulisema bahari ikijaa kisima hupungua, na bahari ikipwa kisima hujaa. Badala ya kushtuka, nikafurahi! Nikajiona nimegundua jambo. Nikaitungia nadharia: mwamba wa hapa ni mzito, maji yanachukua saa sita kupenya mpaka kisimani. Nikaandika kurasa 38 za Kiingereza, zina milinganyo, zina michoro ya rangi, na ukurasa wa 31 ukabeba pendekezo: pampu iwashwe bahari ikiwa imepwa.

Ikawashwa hivyo karibu mwezi mzima. Yaani tulikuwa tunavuta maji wakati ambao kisima kimeshuka kuliko wakati mwingine wowote. Pampu ikaanza kumeza hewa. Chai za watu zikawa na chumvi. Kikaitwa kikao cha kamati, nami nikaenda na kompyuta yangu kutetea nadharia, na mvuvi mmoja mzee, hata kusimama hakusimama, akasema: "Mwanangu, mai yakiyaa, na kisima huyaa. Hilo mbona twalijua."

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Nikamgeukia Ami. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mimi niliona kinyume tangu wiki ya kwanza. Lakini karatasi imepigwa chapa. Nikasema wasomi wana yao."

Nimelichambua kosa lile mara nyingi, hasa usiku. Namba za Ami zote zilikuwa kweli. Milinganyo yangu nayo ilikuwa sawa, mwalimu aliipitisha. Kilichokosekana ni neno moja kwenye kichwa cha safu. Niliandika "saa". Saa ipi? Mimi ndiye niliyechora safu ile, mimi ndiye niliyejua namba zinakwenda kwenye mashine isiyojua Kiswahili, kwa hiyo kuuliza lilikuwa jukumu langu, si la Ami. Hilo la kwanza. La pili ni ukurasa wa 31. Hakuna mwanakamati aliyefika huko, walifika kwenye muhtasari wakaamini. Na la tatu ndilo linaloniuma hadi leo: mtu pekee aliyekuwa na ushahidi wa kunipinga hakuweza kuisoma ripoti iliyotokana na mkono wake mwenyewe. Kama ningeiandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, "bahari ikijaa kisima hupungua", Ami angenikatiza kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo mkiniuliza leo ripoti nzuri ni ipi, sitawaambia habari za fonti. Unamwandikia mtu atakayekuwa pale wewe ukiwa haupo. Mtu huyo ana mikono yake, ana saa yake, ana lugha yake, ana taa mbovu, pengine ana miwani aliyoazima. Ukishamjua, nusu ya maandishi yamejiandika.

Tuliyaandika upya, mimi na Ami, tumeketi kwenye ngazi ya nyumba ya pampu. Pendekezo langu la zamani, ukilitia kwenye Kiswahili, lilikuwa hivi: "Inapendekezwa kuwa uendeshaji wa pampu uzingatie vipindi mwafaka kwa kuoanishwa na mabadiliko ya usawa wa bahari kama yalivyobainishwa katika Mchoro wa 7." Ami aliposikia akauliza, "Sasa niwashe au nisiwashe?" Ile tuliyoibandika ukutani ilisema:

"Mlinzi wa zamu: washa pampu bahari ikiwa imejaa. Kabla ya kuwasha, teremsha kamba. Fundo jekundu likilowa, washa. Fundo likibaki kavu, usiwashe, mpigie fundi. Pampu isizidi saa mbili kwa mara moja."

Angalieni: hakuna wakati wa saa hapo, uwe wa Kiswahili au wa kizungu. Ami hahitaji jedwali kujua bahari imejaa, anaangalia ngazi za gati. Nami nilikuwa nimemtafutia saa ya ukutani. Fundo jekundu lilikuwa wazo lake, mimi nilitaka kuandika "mita 6.4".

Kwenye majedwali sasa naandika saa 24 na chini yake kwa mabano naweka saa yetu: 07:00, saa moja asubuhi. Inakula nafasi. Iache ile.

Vipimo vingine navyo vina balaa zao, na wala si sisi peke yetu. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani, katikati ya Kanada. Mashine ya kupima mafuta ndani ya ndege ilikuwa mbovu, kwa hiyo mafuta yalihesabiwa kwa kijiti na karatasi, na ndege yenyewe ilikuwa mpya, ya kilo, wakati nyingine za shirika zilikuwa bado za ratili. Kugeuza lita kuwa uzito wakatumia 1.77. Sasa 1.77 ni ratili kwa lita. Kilo kwa lita ni kama 0.8. Walitaka kilo 22,300, wakaruka na ratili 22,300, ambazo hazifiki hata nusu. Rubani aliiteremsha bila injini, inaelea kama tiara, mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga mahali paitwapo Gimli, na watu wote 69 walitoka hai. Ninachotaka mkione ni kwamba watu kadhaa waliipiga hesabu ile na kila mmoja aliipiga vizuri. Kuzidisha walijua. Namba ndiyo ilikuwa haina jina la baba yake.

Twende kwenye jambo ambalo litawaudhi walimu wa Kiswahili, na nawaomba radhi mapema kwani wawili nawaona. Sisi sote tulilelewa na insha. "Nilirauka alfajiri na mapema, jogoo alipowika, jua likichomoza mithili ya sinia la dhahabu." Tukapewa alama. Tukafundishwa usirudie neno, tafuta jingine: ukisema nyumba hapa, pale sema makao, kule sema maskani. Kwa insha ni sawa. Ripoti ukiiandika hivyo unaua mtu.

Nimewahi kusoma maelekezo ya mwanafunzi mmoja, kijana hodari sana, aliyeandika "vali" aya ya kwanza, "bilula" aya ya pili, "mfereji" aya ya tatu na "kifungio" aya ya nne. Vyote kitu kimoja. Fundi aliyekwenda kufanya kazi alirudi kuuliza vile vingine vitatu viko wapi.

Nendeni Matondoni mkasikilize kwenye uwanja wa kuundia majahazi. Fundi pale hana karatasi. Umbo la chombo liko kichwani na machoni. Lakini maneno yake yamekazwa kuliko ya mhandisi yeyote niliyemsikia. Mkuku ni mkuku. Taruma ni taruma, halijawahi kuwa "mbavu" siku anayojisikia kutunga mashairi. Fashini, omo, tezi, kila kipande na jina lake moja. Akisema "lete", mwanafunzi wake haleti kingine. Kitu kimoja, jina moja, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama sikio linachoka. Sikio halibebi mzigo.

Na kuna ugonjwa mwingine ambao Kiswahili kinatusaidia kuuficha: ile "-we" ya mwishoni. "Vali ifungwe." "Tangi lisafishwe." "Mota ikaguliwe kila wiki." Ni sentensi tamu, zina heshima, hazimgusi mtu. Na vali haifungwi. Kila mmoja aliisoma akadhani anaambiwa mwingine. Nimekaa kwenye kikao cha saa tatu (saa tatu za kukaa, si za asubuhi) ambapo watu wanne waliosoma maagizo yaleyale waliapa kwamba hayakuwahusu, na wote wanne walikuwa wanasema kweli. Andika: "Wa zamu ya usiku afunge vali kabla ya kuondoka." Ukiogopa kumtaja mtu kwa kuwa hujui ni kazi ya nani, basi hapo umegundua tatizo la mradi, na umeligundua kwa kuandika.

Nimewaahidi waandalizi sitakaa sana kwenye daftari la atachimenti, kwa hiyo nasema haraka: lijazeni jioni ileile. Msimamizi anajua ukijaza wiki 12 usiku mmoja, wino wote ni wa rangi moja na kila siku "tulifanya kazi mbalimbali". Andika ulichokiona, namba, kipimo chake, chombo ulichopimia, na nani alikwambia. Hiyo ya mwisho watu huiacha.

Kuhusu kusimama mbele ya watu na picha za ukutani. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika kikirudi duniani na watu wote saba wakafa. Wakati wa kuruka, kipande cha povu gumu linalofunika tangi la mafuta kilikuwa kimelipiga bawa. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliandaa maelezo ya kuonyesha kama kuna hatari. Tume ya uchunguzi baadaye ilichapa ukurasa mmoja wa maelezo yale kwenye ripoti yake, na mimi huwaonyesha wanafunzi bila kusema neno. Kichwa cha juu, herufi kubwa, kinatuliza: majaribio yanaonyesha tuna nafasi ya usalama. Unateremka. Nukta, chini yake kistari, chini yake nukta ndogo zaidi. Neno moja legevu la "kubwa kiasi" limerudiwa mara tano, kila mara kwa maana yake. Ukifika mstari wa mwisho kabisa, ndipo unapoambiwa kwamba kipande walichokadiria ni inchi za ujazo 1,920, na kile kilichotumika kwenye majaribio ni inchi 3.

Pigeni hesabu. Mara 640. Ni sawa na mtu kujaribu dau kwa kulitupia kokoto, halafu atangaze liko salama litakapogongwa na meli.

Waandishi wa ukurasa ule hawakuficha kitu. Ukweli wote upo, umeandikwa. Umelazwa chini, mahali ambapo mkubwa mwenye haraka hafiki. Mimi nilipousoma mara ya kwanza niliukumbuka ukurasa wangu wa 31, na nikashukuru kwamba yangu ilikuwa chai ya chumvi tu. Tangu hapo sentensi ya kwanza ya ripoti yangu ni ile ambayo ningeipigia kelele kama gati lingekuwa linaondoka na nina pumzi moja. "Msiwashe pampu bahari ikipwa." Sababu zije nyuma, kwa starehe zao.

Sasa lugha. Kuna mmoja wenu aliniuliza nje, kabla hatujaingia, kwa nini ajisumbue na Kiswahili wakati mitihani yote ni Kiingereza na bodi ya wahandisi inataka Kiingereza. Swali la haki. Jifunzeni Kiingereza cha kazi, tena kizuri, kifupi, kisicho na mapambo. Hicho ndicho kitawapa ajira. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Na kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, awaeleze mradi na athari zake. Awaeleze. Nani atasimama kwenye vijiji vyetu, Kwasasi au Kizingitini, kueleza? Ni wewe, kijana wa mwaka wa nne, kwa sababu mkubwa wako atakuangalia aseme, "Wewe si wa huko?"

Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Sikuja kuzungumza makaa ya mawe. Nawajua nyinyi, tukianza tutaadhiniwa alfajiri tungali hapa. Nataka mshike jambo moja tu: miongoni mwa sababu kubwa za kufutwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ripoti nene ilikuwepo. Unene wa ripoti haukuhesabiwa kuwa maelezo.

Na kueleza kwa Kiswahili si kutafuta kamusi. Vijana wanakwama kwa sababu wanasaka neno moja la kila neno moja la darasani. Wataalamu wa maji wana kanuni, inabeba majina ya Wazungu wawili, inayosema kwenye visiwa na fukwe kama zetu maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi ardhini, na kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 zake chini. Mimi kwenye ile ripoti niliiandika kwa herufi za Kigiriki. Siku ya kikao, baada ya kuaibika, nilijaribu tena kwa mdomo. Nikasema: mama, kisima chako si ndoo. Ni dau linaloelea juu ya bahari iliyo chini ya nyumba yako. Ukivuta maji mpaka uso ukashuka shibiri moja tu, huku juu unaona shibiri moja, lakini kule chini, yakitulia, chumvi itakuwa imepanda shibiri 40 kukufuata.

Mama mmoja akasema, "Basi ndiyo maana kisima cha jirani kiliharibika alipoweka mota kubwa." Hakuna herufi ya Kigiriki iliyowahi kunipa jibu kama hilo. Na alikuwa ameniongezea kitu: sikujua jirani ana mota.

Swali la akili unde naliona linanyanyuka pale, najua. Ndiyo, programu zitakuandikia ukurasa safi kuliko wako kwa dakika moja. Nami nazitumia kusafisha Kiingereza changu. Ila ukiipa 1, 4, 7, 10 itazipanga vizuri kama nilivyozipanga mimi, na itakutungia nadharia ya mwamba mzito kwa lugha nzuri zaidi. Kwenda kumuuliza Ami bado ni kazi ya miguu yako.

Haya, vijana wangu wawili, karatasi imekwisha? Ileteni. Bwana Nahodha, tafadhali njoo mbele. Nahodha huyu ameendesha boti kati ya hapa na Pate tangu nyinyi hamjazaliwa, lakini nimemwomba leo asahau kila anachojua na afanye yale tu yaliyoandikwa. Mashine hatutaiwasha kweli, maana haina maji ya kuipoza. Kamba ataishika, hataivuta.

Nasoma. "Hatua ya kwanza: unganisha mpira wa mafuta." Nahodha ameushika mpira, ameuunganisha kwenye mashine. Anauliza upande wa pili uende wapi. Hamkuandika tangi? Sawa, tumsaidie, kwenye tangi. "Hatua ya pili: minya mpaka iwe ngumu." Kitu gani kiminywe? Nahodha anaminya mpira wote tangu huku mpaka kule, mwangalieni, analipiza kisasi. Ni ile pampu ya mkono iliyo katikati, iandikeni jina. "Hatua ya tatu: vuta choki." Amevuta. "Hatua ya nne: vuta kamba."

Ameshika kamba. Nahodha, ungevuta sasa ingekuwaje?

Mmesikia? Gia imekaa mbele. Mashine ikikubali kuwaka hivyo, boti inaruka na abiria wanakwenda majini. Ikikataa, atavuta mpaka bega litoke. Na anasema kuna jingine: kizibo cha tangi kimefungwa, hakipitishi hewa. Mashine itawaka, itakwenda vizuri, na mkifika kwenye mkondo wa Mkanda itakosa mafuta na kuzima, tangi likiwa limejaa.

Hapana, kijana, keti. Najua unajua kufungua hewa. Mdomo wako haupo hapa. Wewe uko chuoni Nairobi, una mtihani, simu umeizima. Nahodha yuko peke yake Mkanda na karatasi yako.

Bwana Nahodha, niwie radhi, shika kamba hivyohivyo kidogo. Nyinyi wawili, kalamu mnazo. Hatua ya kwanza si mpira wa mafuta. Andikeni, sisi tunangoja.